Popo, Komba na Ndewe za Masikio Yako

Chemchem, Tabora
Jumatano, baada ya alasiri

Kalunde,

Nimeanza na jina lako tupu kwa sababu nimejaribu kuandika "mwanangu" na kila mara kalamu imesita. Si kwamba silitaki neno hilo. Nililitapika mwenyewe ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, na mtu aliyetapika chakula mbele za watu hawezi kurudi mkekani akajipakulia kana kwamba hakuna aliyemwona. Basi tuendelee na Kalunde, jina alilokupa mama yako bila kuniuliza.

Sitakuandikia habari za koti zito, wala za kulinda mizigo kwenye treni, wala za kutoamini kila anayekuchekea uwanja wa ndege. Wajomba zako wa Usinge wamekwisha kukuambia yote hayo, na wale wanajua kulea. Mimi najua kufundisha tu, na hata huko nimeharibu, kama unavyojua kuliko mtu yeyote.

Kichupa chako kiko mbele yangu. Jana ulikiweka juu ya kitambaa cha meza pamoja na kijiti chenye pamba, ukaniambia kwa ile sauti ya upole unayowawekea watu usiowapenda: "Mwalimu, sikulazimishi. Sugua ndani ya shavu, tia humo, funga. Changu ninacho. Nikifika huko Ulaya masomoni nitavipima pamoja, na karatasi itakayotoka nitakuja kuwasomea shangazi zangu mmoja mmoja." Ukamaliza chai, ukaosha kikombe, ukaaga. Umeniita Mwalimu tangu kidato cha kwanza. Sikuwahi kukurekebisha, na jana pia sikukurekebisha.

Ninaelewa unachotaka. Unataka vinasaba viseme kama mimi ni baba yako, ili jina la mama yako, ambaye amelala kaburini na hawezi kujitetea, litoke midomoni mwa watu wa ukoo wangu. Kesho unapanda treni. Nina mchana huu tu wa kuamua kama nakupa mate yangu au nakurudishia kichupa kikavu. Lakini kabla ya kukuambia nilichoamua nataka usikie mambo yalivyokuwa kutoka kwangu mwenyewe. Umeyasikia kwa shangazi, umeyasikia kwa wajomba, na mama yako najua hakukuambia kitu, kwa sababu alikuwa na heshima ambayo mimi sikuwa nayo.

Mama yako Siwema nilimwona mara ya kwanza Urambo, stesheni, amekaa juu ya mzigo na baba yake wakisubiri treni baada ya kuuza tumbaku. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa bayolojia, nimevaa tai kwenye jua lile. Alinicheka. Akaniuliza kama tai ile inanizuia nisimwage mate. Nilipokwenda kumposa, ndugu zangu walinuna mwezi mzima. Sisi wa mjini, unajua tulivyo, tuna hadithi zetu kwamba babu alikuja na misafara kutoka pwani, na kila ikisimuliwa babu anazidi kuwa mweupe na kanzu yake inazidi kuwa ndefu. Mnyamwezi wa shambani, binti wa mkulima wa tumbaku, hakuwa chaguo lao. Nilimwoa hata hivyo, na nikajiona shujaa. Nadhani hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kwa sababu mtu anayejiona shujaa kwa kumwoa mke wake huona pia kwamba mke huyo anadaiwa shukrani.

Ukazaliwa. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wa upande wa baba humgeuza na kumgeuza wakimgawana: pua ya babu, paji la uso la bibi, vidole vya marehemu fulani. Ni furaha tu, na mtoto akikosa kufanana na mtu husemwa atabadilika. Shangazi yako Mwanahawa, dada yangu mkubwa, alikupakata pale uani, akakutazama kila upande, akasema masikio haya hajui yametoka wapi. Alisema kwa mzaha. Nakuapia, alisema kwa mzaha, na mzaha ungeishia hapo hapo kama mimi ningekuwa fundi baiskeli.

Lakini nilikuwa mwalimu wa bayolojia. Kila mwaka niliwafundisha watoto wa watu kwamba ndewe za masikio, ile nyama laini ya chini, ni za aina mbili, zinazoning'inia na zilizoshikana na shavu, na kwamba zilizoshikana ni tabia dhaifu, kwa hiyo wazazi wawili wenye ndewe zilizoshikana hawawezi kamwe kupata mtoto mwenye ndewe zinazoning'inia. Somo tamu hilo. Wanafunzi wanalipenda kwa sababu wanashikana masikio. Mimi ndewe zangu zimeshikana. Za mama yako zilishikana. Zako zilikuwa zinaning'inia, laini, unaweza kuzishika kwa vidole viwili.

Nilichukua kijiti. Pale pale uani, mbele ya dada zangu na majirani waliokuja kumwona mzazi, nikachora kwenye mchanga miraba minne na herufi kubwa na ndogo, nikawaeleza. Hawakuelewa herufi. Walielewa jibu. Dada yangu akaacha kucheka, akakuweka chini kwenye mkeka taratibu sana, na mama yako alikuwa chumbani, mlango wazi, anasikia yote. Hakutoka nje. Alisubiri nimalize kufundisha.

Asubuhi nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye haki, kwamba twende Dar es Salaam hospitali wakatutoe damu, ukweli ujulikane. Alikuwa anakufunga mgongoni. Alinijibu bila kugeuka: "Siendi. Nikikubali kupimwa, nimekubali kwamba kuna swali. Kwangu hakuna swali. Liko kwako, nenda ukalipime wewe."

Nilimwona mkaidi. Nilisema asiye na hatia haogopi. Unajua ni watu wangapi wamesema maneno hayo tangu dunia iumbwe, na ni wangapi kati yao walikuwa na hatia wenyewe? Alipanda treni ya Kigoma nawe mgongoni, akashuka Usinge kwa kaka zake, na mimi nikabaki na ushahidi wangu wa kisayansi kwenye mchanga, mpaka mtu akaufagia.

Miaka ikapita. Sitaipamba. Nilituma nguo za sikukuu mara mbili tatu, zikarudi. Nilioa tena, unajua, na ndoa hiyo haikudumu. Yule mama naye aliondoka akisema hawezi kuishi na mwanamume anayemtazama mkewe kama mtihani. Sikuhuzunika sana. Nilikuwa na kazi yangu.

Kisha ukaja wewe shuleni kwangu, kidato cha kwanza, umeletwa na mjomba wako mkubwa. Alinisalimia kwa adabu, akasema, huyu amefaulu, ameletwa hapa na serikali, si na sisi. Nikaona jina lako kwenye orodha ya darasa, na jina la pili lilikuwa la babu yako mzaa mama. Nilijiambia nitakutendea haki kama mwanafunzi mwingine. Ndivyo nilivyofanya, na nilijisifu kwa hilo pia.

Unakumbuka yule popo. Yale makundi ya popo wa matunda yaliyokuwa yanalala kwenye miembe ya shule yalikuwa yanamkera mkuu wa shule, kila mtu akilalamikia kinyesi na kelele. Siku moja ukaja ofisini umemfunga popo kwenye kitenge, bawa limechanika. Wenzako walikuwa wamekimbia. Ulinifungulia kidogo nimwone uso: macho makubwa, pua ya mbwa mdogo, manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni. Ukaniuliza, "Mwalimu, huyu ni ndugu wa nani?" Hukuuliza ni nani. Uliuliza ni ndugu wa nani, nami sikusikia swali hilo lilitoka wapi.

Nilifurahi, Kalunde. Kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho nilifurahi kuwa nawe chumba kimoja. Nilikueleza kwa muda mrefu, kengele ikalia tukaipuuza. Nilikuambia kwamba popo wadogo wa mapangoni, wanaokula wadudu na kuona gizani kwa mwangwi wa sauti zao, ni jambo lingine kabisa. Hawa wakubwa wa matunda ni jamaa ya komba na ngedere. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba mishipa ya macho yao inaingia kwenye ubongo kwa namna inayoonekana kwa komba, kwa kima na kwetu sisi, si kwa wanyama wengine. Nikakuambia kwamba kuruka kulizaliwa mara mbili kwa mamalia, upande mmoja kwa wale wadogo wa gizani wenye nyuso zilizokunjamana, na upande mwingine kwa huyu bwana mkubwa ambaye ni komba aliyeota mabawa. "Mtazame macho," nilikuambia. "Angekuwa ndugu wa wale?" Ulimtazama, ukatikisa kichwa. Siku ile ndiyo uliyoanza njia inayokupeleka Ulaya kesho. Kitu pekee nilichowahi kukupa kwa furaha, na hakikuwa kweli.

Uliporudi likizo ukiwa chuo kikuu, ulipita shuleni kuchukua cheti, ukanikuta. Ukaniambia bila kejeli, na ingekuwa afadhali kejeli, kwamba lile la komba lilikwisha kufa. Wamesoma vinasaba. Popo wote ni nyumba moja. Waliruka mara moja tu. Katika ukoo mkubwa wa mamalia wamekaa upande wa farasi na mbwa na nyangumi, mbali na panya tunaowafananisha nao na mbali na sisi. Na tena, ukasema, jambo linalouma zaidi: popo wa matunda ni ndugu wa karibu wa wale wadogo wenye pua iliyokunjwa kama jani, wale wabaya wa sura, kuliko hao wabaya wa sura walivyo ndugu wa popo wengine wadogo wanaofanana nao. Nikakuuliza, na mwangwi je? Ukasema hapo ndipo bado wanabishana. Pengine babu yao wote alikuwa nao, na hawa wa matunda wakaupoteza walipopata macho mazuri. Pengine hakuwa nao, ukaanza mara mbili. Kuna jamii moja ya popo wa matunda inayolala mapangoni inayobofya kwa ulimi gizani, kana kwamba inajaribu kukumbuka. Mifupa ya zamani ni michache, kwa sababu mifupa ya popo ni myembamba na misitu ya joto inaiozesha, na popo wa kale kuliko wote waliopatikana tayari wana mabawa kamili. Hakuna aliyeona nusu popo. Na hawa wa kwetu inaelekea wazee wao walitoka Asia, wakaingia Afrika si kwa safari moja bali kwa kadhaa, kila kundi kwa wakati wake.

Nilikusikiliza nikijua unasema kweli. Nikasema kitu cha kipuuzi, kwamba hata miembe ilitoka huko. Ukatabasamu kidogo. Sikusema lililokuwa linanichoma, kwamba mishipa ya macho ilikuwa alama moja tu, nzuri, ya kuvutia, na kwa alama hiyo moja watu wenye akili zao walimtoa popo kwao wakamkabidhi kwa komba. Mtu akipata ushahidi mmoja unaompendeza sana hataki tena kutafuta wa pili. Ninaandika hili kwa sababu hiyo ndiyo kazi utakayoifanya wewe, na kwa sababu mimi ndivyo nilivyofanya na wewe.

Sasa nije kwenye lile somo. Kidato cha tatu, urithi wa tabia. Ungeweza kufundishwa na mwalimu mwingine. Nilikuwa na uwezo wa kubadilishana vipindi na mwenzangu, na nilifikiria hilo, nikaona ni udhaifu. Nikachora miraba minne ubaoni. Darasa likaanza kushikana masikio na kucheka. Wewe hukucheka. Nilikuona unashika ndewe yako kwa vidole viwili, kisha ukaniangalia mimi, pembeni ya uso wangu, kwa utulivu. Mama yako hakuwa amekuambia chochote, lakini mtoto hukua na minong'ono. Ukanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ikitokea wazazi wote wawili zimeshikana, na mtoto zake zinaning'inia?"

Darasa zima lilikuwa linaningoja. Watoto hawakujua. Mimi na wewe tulijua.

"Haiwezekani," nilisema.

Ukaandika. Niliona kalamu yako ikiandika neno hilo. Mpaka leo nikisikia mtu anasema haiwezekani, hata kwa jambo la mvua au bei ya mahindi, nainuka naondoka.

Na hapa ndipo penye ubaya kuliko yote niliyokwisha kuandika, usiruke mstari. Mwaka uliofuata vililetwa vitabu vipya shuleni. Kimoja kilisema wazi kwamba lile la ndewe si sahihi. Kwamba masikio hayako ya aina mbili tu, yako ya kila namna katikati, yanatawaliwa na jeni nyingi, na wazazi wenye ndewe zilizoshikana wanaweza kabisa kupata mtoto ambaye zake zinaning'inia. Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena nimekaa. Ulikuwa kwenye chumba cha pili kutoka pale nilipokuwa, unasikika ukisoma kwa sauti. Mama yako alikuwa hai, Usinge, safari ya treni tu. Nilifunga kitabu nikakirudisha kwenye rafu, na mwaka ule nilifundisha somo la urithi kwa kutumia njegere.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza. Ningekuwa nimekosea kwa kutojua, ningekwenda kuomba radhi. Watu husameheana ujinga. Lakini kwenda Usinge kulikuwa kukubali kwamba nilimvunjia mwanamke maisha kwa kijiti na mchanga, mbele ya majirani, nikiwa na cheti. Niliona bora niendelee kuwa na shaka. Shaka ina heshima yake, unaweza kuishi nayo na watu wakakuita mtu makini. Nikaikalia miaka yote ile mpaka mama yako akafa.

Kwenye msiba ule ulikuwepo, uliona. Lakini uliona kutoka kwenye mkeka wa wanawake, na ulichokiona ni mimi nikiondoka. Nilikuja kwa nia njema. Nilitaka kubeba jeneza. Mtani wao, yule mzee Mzigua aliyelowea Usinge, alikuwa anafanya vituko vyake uani kama wafanyavyo watani: anajilaza njiani, anawadai wafiwa, anaiga sauti ya marehemu. Kisha akachukua rula ya mtoto wa shule, akaanza kupita mstari wa wanaume akivuta masikio. Hii inaning'inia, wewe si wetu, nenda kwenu. Hii imeshikana, kaa. Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kwa sababu wote walikuwa wanaijua habari. Akafika kwangu. Akanishika sikio akalipima, akamgeukia marehemu pale kwenye jeneza, akasema, "Siwema, mumeo amekuja. Masikio yake yameshikana kweli kweli, ndiyo maana alikuwa hasikii."

Hata mjomba wako mkubwa alicheka, akilia machozi. Nami niliupiga mkono wa mtani, nikamwambia maneno ambayo siandiki, nikaondoka. Jeneza likabebwa na wengine.

Mimi ni mtu wa hapa, Kalunde, sihitaji kufundishwa utani ni nini. Ulizaliwa kwenye njia ile ile ya misafara ambayo sisi wa mjini tunajisifia. Mpagazi akifia porini, mbali na ndugu zake, aliyemwosha na kumzika alikuwa mtu wa kabila jingine aliyebeba mzigo nyuma yake, na kwa hilo wakawa jamaa mpaka vizazi vyao. Tusi la mtani msibani halijibiwi. Linapokelewa, unatoa chochote mfukoni, unainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kichwa unakuwa umekiri mbele ya watu bila kulazimika kusema. Mzee yule alinifungulia mlango ambao nisingeweza kuufungua mwenyewe. Alifanya kosa langu liwe kichekesho ili niweze kuchekwa, kisha niruhusiwe kubeba. Ningecheka tu. Ningetoa noti nikacheka, ningekuwa nimemzika mke wangu. Najua watu wenye makosa makubwa kuliko yangu waliosamehewa hivyo. Lakini mtu kukasirikia mtani mbele ya maiti, hilo wanalisimulia Usinge mpaka leo, na wana haki.

Leo asubuhi nilikwenda kwa shangazi yako Mwanahawa. Nilitaka kulimaliza bila kichupa. Nilimwambia wazi, mbele ya wadogo zake, kwamba nilikosea, kwamba ile hesabu ya masikio si kweli na nimejua kwa miaka kwamba si kweli, na Siwema hakunikosea kitu. Alikuwa anachagua mchele. Hakusimamisha mikono. Akasema, "Mdogo wangu, wewe unazeeka, umeanza huruma. Sisi hatukuyatunga maneno haya. Tuliambiwa na mwalimu wa bayolojia." Nikamwambia mwalimu huyo huyo ndiye anayekuambia sasa. Akaniuliza kama nimepima. Nikasema hapana. Akaendelea na mchele wake.

Kwa hiyo una haki. Neno nililolitoa mimi halinisikilizi tena, limekuwa mtu mzima, lina nyumba yake. Nilidhani nikilikana litakufa. Karatasi yako peke yake ndiyo watakayoisikia, na hilo nimelifanya mimi, niliyewafundisha kwamba mwanamke hasadikiwi mpaka apimwe.

Ungependa nikuambie kwamba mimi sina shaka. Ningependa pia. Nimekaa na kichupa hiki tangu jana nikijipekua, na nitakuambia nilichokikuta, kwa sababu nimekudanganya vya kutosha. Shaka ipo. Imebaki ndogo, imekauka, lakini ipo, kama inavyokuwa kwa mtu aliyeilisha muda mrefu. Kilichobadilika ni kitu kimoja. Zamani niliogopa usiwe wangu kwa ajili ya jina langu mjini. Leo naogopa usiwe wangu kwa ajili yako wewe. Ninaogopa karatasi itasema hapana, na nitakuwa sina haki hata ya huzuni hii niliyo nayo. Ninastahili kuogopa hivyo. Mama yako alilala na kuamka na kitu kama hicho, tena yeye bila kosa.

Nimesugua shavu. Nimesugua pande zote mbili, kwa nguvu, mpaka kukatoka damu kidogo, natumaini haitaharibu. Nimefunga kama ulivyosema. Kijana wa jirani atakuletea kichupa pamoja na barua hii kabla ya magharibi, kwa sababu sitaki unione uso unapoisoma. Pima. Wasomee shangazi zako, na umwanzie Mwanahawa.

Lakini mimi usinisomee. Siku utakayokuja kuwasomea nitumie neno mapema, nitatoka mjini, nitakwenda Nzega au popote. Wala usinitazame kwa namna ya kunijulisha. Ikiwa itasema hapana, sitaki kukupoteza kwa mara ya pili kwa sayansi. Na ikiwa itasema ndiyo, Kalunde, nitafurahi. Najijua. Nitashusha pumzi, nitasema alhamdulillahi, kumbe ni kweli. Na furaha hiyo itakuwa tusi la mwisho kwa mama yako, kwa sababu itamaanisha nimemwamini siku hiyo tu, baada ya mashine kuniruhusu. Yeye alikufa bila kuaminiwa. Acha nami nife bila kujua, nikiwa nimemwamini kwa neno lake tu, kwa kadiri ninavyoweza, ambayo si kubwa.

Kesho nitakuwa stesheni, upande wa mizigo, mbali na wajomba zako. Sina haja usogee. Ukipanda salama, nitarudi nyumbani.

Baba yako